Barua ya wazi: Deni linalifuata gari, hukumu haimfuati dereva

Kwa mnaosimamia leseni za udereva, usalama barabarani na usafiri wa ardhini, na kwa waheshimiwa wabunge mnaokuja Dodoma kwa kikao cha bajeti.

Waheshimiwa,

Siku niliyokwenda kununua gari langu la kwanza, IST ya mkononi, fundi niliyeongozana naye Area C aliingiza namba ya gari kwenye simu kabla hata hajafungua boneti. Yakatokea makosa matatu ambayo hayajalipiwa: mawili ya kupigwa tochi kwa mwendo kasi, moja la kutosimama kwenye kivuko. Muuzaji akacheka kwa aibu, akalipa palepale. Kisha fundi akaangalia bima, kwa namba ileile ya gari. Haikufika dakika tano nikawa najua gari linadaiwa nini na bima yake inaisha lini. Nikajisemea, kweli nchi inasonga.

Mwezi wa nane mwaka jana nilikaa chini ya mwarobaini na wazazi wenzangu wanne kutafuta dereva wa basi la shule, mtu wa kubeba watoto 26 kila asubuhi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ule usasa wote uliishia kwenye bati.

Nijitambulishe. Mimi ni mkazi wa Nkuhungu, mama wa watoto watatu, na ni katibu wa kamati ya usafiri ya wazazi katika shule wanayosoma wawili kati yao. Ukatibu wenyewe nilipewa siku niliyochelewa kufika kikaoni. Shule siitaji, na dereva nitakayemweleza simtaji, maana barua hii haikuandikwa kumtafutia mtu ubaya.

Anayeijua Dodoma anajua mwezi wa nane ni mwezi wa upepo. Tuliweka jiwe juu ya vivuli vya leseni visipeperuke kwenda kwa jirani. Waombaji walikuwa wanne. Leseni zao nikazipanga mezani kama karata: kadi nne za plastiki, kila moja na picha, jina, tarehe ya kuzaliwa, madaraja ya magari, tarehe ya kutolewa na tarehe ya kwisha. Nikazigeuza nyuma. Hakuna iliyosema zaidi ya mwenzake.

Tukabaki na mdomo. Tuliwauliza wote swali moja: umewahi kupata ajali? Wa kwanza akamshukuru Mungu. Wa pili akasimulia habari ya punda wa Mvumi, ndefu mno, sisi wenyewe tukamkatisha. Wa tatu, kaka mrefu mwenye shati lililonyooshwa pasi mpaka mikononi, akasema: "Mama, dereva wa miaka 15 akikwambia hajawahi kugusana na kitu, huyo alikuwa anaendesha kiti." Tukacheka. Tukampa kazi. Tulimpa kwa sababu alituchekesha na kwa sababu ya lile shati. Naona haya kuandika hivi, ila ndivyo ilivyokuwa. Tungekuwa na kipimo kingine tungekitumia.

Na alikuwa dereva mzuri, hilo nalo niliseme. Kwenye matuta alipunguza mpaka basi likawa kama linapumua. Watoto walimwita anko. Mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa akitapika kila siku alimhamishia kiti cha mbele karibu na dirisha, na kutapika kukaisha. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Mwezi wa kumi na moja tukawa na kikao cha wazazi. Baba mmoja aliyehamia Dodoma kikazi, ndiyo kwanza ana wiki mbili mjini, akamwona dereva anageuza basi getini. Alinyamaza kikao kizima. Tulipotoka akanivuta pembeni, karibu na tangi la maji. "Huyu ndiye aliyemuua shemeji yangu," akasema. Alikuwa ameovateki kwenye mstari usiokatika, mbele yake ikatokea bodaboda yenye watu wawili. Wote wawili walikufa. Kesi ilikwenda mahakama ya wilaya ya mkoa wa jirani na huyu baba aliisikiliza mwanzo hadi mwisho, kwenye benchi la nyuma. Dereva alitiwa hatiani, akaenda jela, na akazuiwa kuendesha kwa muda. Muda ukaisha, akatoka, leseni akaihuisha. Akaja Dodoma na kadi mpya inayong'aa.

Siku ya pili nilimfuata kwenye basi. Injini ilikuwa imezimwa, yeye anafuta usukani kwa kitambaa cha njano, akiuzungusha kidogo kidogo. Nilimuuliza. Hakukana. Aliendelea kufuta, kisha akasema: "Mama katibu, mliniuliza ajali. Hamkuniuliza hukumu. Mngeniuliza, ningewaambia." Baada ya kimya kirefu akaongeza: "Na ile nimeshaitumikia."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina lote. Alichokisema ni kweli. Na ni kweli pia kwamba watoto 26 walikaa nyuma yake miezi mitatu na sisi tuliowapandisha hatukujua tunawakabidhi kwa nani. Wazazi hawakuwa na nafasi ya kutafakari. Kila mwenye mtoto ndani ya basi la njano anaikumbuka Mei 6, 2017, pale Rhotia, Karatu: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walikufa kwenye ajali ya basi la shule, kwa siku moja. Ijumaa ya wiki ileile ya kikao chetu yule kaka akaondoka, leseni yake mfuko wa shati.

Nikaanza kuzunguka kuulizia rekodi ya dereva inapatikana wapi. Kuna dirisha nililoambiwa niende kwenye jingine, na kwenye hilo jingine nikaambiwa niandike barua. Nimeiandika, ndiyo hii.

Waheshimiwa, nimejaribu kuisoma Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ile iliyotungwa mwaka 1973. Mimi si mwanasheria, lakini nilichokutana nacho kilinishangaza. Waliotunga sheria ile waliliona hili mapema. Walimpa hakimu uwezo wa kumzuia mtu kushika leseni kwa muda, na wakaweka utaratibu wa kuamuru hukumu iandikwe kwenye leseni yenyewe, ili kila atakayeishika aione. Mtu mzima wa enzi zile angekuelewa ukimwambia leseni ni cheti cha tabia. Sasa kadi ni ya plastiki. Hakimu aandike wapi?

Kama hukumu haiandikwi kwenye kadi, basi lazima iwe imeandikwa mahali ambapo kadi inafungua. Hilo ndilo ombi langu, mengine yote ni maelezo yake.

Tatizo si kwamba habari hazipo. Hukumu iko kwenye jalada la mahakama ya wilaya. Taarifa ya ajali iko polisi. Leseni inatolewa na Mamlaka ya Mapato. Dereva wa gari la biashara anasajiliwa na kuthibitishwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kwa sheria ya mwaka 2019. Mtu mmoja, majalada manne, na hayasalimiani. Wengi wenu makao makuu yenu sasa yako hapahapa kwetu, kutoka ofisi moja kwenda nyingine ni daladala mbili. Nauli ya hiyo safari naweza hata kuichangia.

Angalieni tulivyozoea kuliuliza gari badala ya mtu. Faini inasomeka kwa namba ya gari. Bima inasomeka kwa namba ya gari. Hata bei ya bima yenyewe haimjui dereva: ile ndogo ya gari dogo la binafsi, ambayo wengi tunaikatia 118,000, ni hiyohiyo kwa aliyeua watu kwa ulevi na kwa bibi anayeendesha kwenda kanisani Jumapili tu. Namba ya leseni nayo unaweza kuiingiza kwenye simu, lakini unachoonyeshwa ni madeni. Ukilipa, huna la kujibu. Yaani kwa macho ya simu, muuaji aliyelipa ni msafi kuliko mwalimu aliyesahau faini ya tochi.

Halafu kuna ile bei moja. Dereva wa gari akiandikiwa na trafiki, ni 30,000 kwa kosa. Taa ya namba imeungua, 30,000. Umepita kwenye 50 ukiwa na 57, 30,000. Umeovateki kwenye kilima huoni mbele na umeandikiwa tu bila kupelekwa mahakamani, 30,000. Ni kama yale maduka ya kila kitu bei moja, unaokota sufuria na kibiriti kwa pesa ileile. Mtu akizoea bei hiyo anaacha kutofautisha makosa. Anaanza kuyahesabu kama gharama za safari, pamoja na dizeli na chai ya Gairo.

Hapa niwe mkweli kwa madereva, maana najua watakaoisoma barua hii kule stendi wataanza kunitukana kabla hawajafika katikati. Sitaki rekodi inayohesabu kila tochi. Kutoka Nanenane kwenda Kibaigwa unapita Ihumwa, Buigiri, Chalinze yetu, Mbande, na kila penye nyumba kuna 50, na vibao vingine vimefichwa na mti. Basi na lori kubwa hata kukiwa wazi ni 80. Dereva anayekula barabara ile kila siku mwezi mzima bila kuandikiwa hata mara moja ama ni malaika au ana namba ya simu ya mtu. Ukimfungia mtu riziki kwa 57, umemwonea. Na tairi kipara? Dereva anasema tairi limekwisha, tajiri anasema litafika. Likipasuka, anayeandikiwa ni aliyeshika usukani. Kosa la gari liandikwe kwa mwenye gari, jina lake, si kwa aliyeajiriwa.

Nazungumzia makosa makubwa tu, yale ambayo kila mtu pale kijiweni anayajua bila kufundishwa. Kuendesha umelewa, sheria yetu imeweka mpaka wa miligramu 80 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, na huo si mpaka mkali. Kuendesha kwa hatari. Kuua au kulemaza mtu kwa uendeshaji huo. Kugonga na kukimbia. Kuendesha wakati umefungiwa. Haya, mahakama ikishatia mtu hatiani, yaandikwe kwa jina lake na namba ya leseni yake, na yakae. Yakae muda gani, hapo ndipo penye kazi.

Wenzetu walishaumiza vichwa juu ya hilo. Uingereza dereva anawekewa pointi kwenye leseni kila anapotiwa hatiani. Zikifika 12 ndani ya miaka mitatu, anafungiwa. Dereva mpya hana uvumilivu huo, akifikisha 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza leseni inafutwa, anaanza upya na mtihani. Hukumu ya kuendesha ukiwa umelewa inabaki kwenye rekodi miaka 11. Ujerumani pointi zote za nchi nzima zinatunzwa kwenye ofisi moja katika mji mdogo wa kaskazini uitwao Flensburg, na ukifika 8 unarudisha leseni. Kote kuwili makosa yana umri. Dogo linafutika mapema, kubwa linakaa, lakini hata kubwa lina siku yake ya kufa.

Kilichonivutia zaidi kule Uingereza si pointi. Kuna kitu kidogo zaidi ambacho kingetutosha hata kesho. Mtu akiomba kazi ya udereva, mwajiri hana ruhusa ya kwenda kumchungulia kwenye mtandao. Dereva mwenyewe anaingia kwenye rekodi yake, anatoa namba ya siri, anampa mwajiri. Namba ile inafanya kazi siku 21 kisha inakufa. Mwajiri anaona madaraja, pointi, kufungiwa kama kupo, basi. Hakuna anayemtangaza mtu. Ila dereva akikataa kukupa namba, hilo nalo limeshakuwa jibu.

Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi mwaka 2023. Msije mkaniambia jambo hili linagongana na faragha. Namba ya ridhaa ya namna ile ndiyo faragha yenyewe. Kinachotokea leo ndicho kinachovunja faragha: hukumu ya mtu inasimuliwa karibu na tangi la maji, na asubuhi yake imefika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ikiwa imeongezewa marehemu wawili.

Pointi zimekuwa zikizungumzwa kwetu kwa miaka. Mimi siwadai pointi leo, pointi zina hesabu zake, na zikiwekwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye kalamu kando ya barabara zitakuwa bidhaa, nyote mnajua ninachosema. Anzeni na hukumu za mahakama peke yake. Hizo haziuzwi barabarani, zina mwendesha mashtaka, zina utetezi, zina rufaa.

Sasa niwaambie ni nani anayeumia zaidi kwa kukosa rekodi, na si wazazi wa Nkuhungu.

Baba yangu aliendesha lori la mahindi kutoka Kibaigwa kwenda Dar es Salaam kwa miaka 29. Alikuwa mtu wa kuudhi barabarani. Akisikia usingizi analala, tajiri apige simu mpaka achoke. Pombe aliinywa nyumbani tu, na siku ya safari hakuigusa. Utingo wake walimchukia kwa sababu aliwashusha kukagua nati za magurudumu kila aliposimama, hata usiku, hata Pandambili kwenye baridi. Katika miaka 29 aligonga mbuzi wawili na ukuta mmoja. Tajiri wake alipouza malori, mzee akaomba kazi kwenye kampuni nyingine, akiwa na bahasha yake ya kaki. Wakamuuliza umri. Wakamuuliza kama anaweza magari ya siku hizi. Akawaambia ameendesha miaka 29 hajaua mtu. Kijana aliyekuwa akimhoji akamwambia, "Mzee, hilo kila mtu analisema."

Kweli, kila mtu analisema. Baba alirudi nyumbani akaitupia ile bahasha juu ya kabati, na ilikaa huko mpaka vumbi la Dodoma likaibadilisha rangi. Alichokuwa nacho ni mali, Waheshimiwa. Ni mtaji ambao angeweza kuupelekea benki. Lakini ulikuwa hauna mahali pa kuandikwa, kwa hiyo ukawa maneno. Dereva mzuri wa nchi hii leo anashindana kwa shati lililopigwa pasi.

Madereva wengi nimewasikia wakiiogopa rekodi. Nawaelewa. Lakini anayepaswa kuiogopa ni mmoja kati ya wengi, na hao wengi ndio wanaolipa gharama zake: mshahara mdogo, mkataba wa mdomo, tajiri anayemwona kila dereva ni mwizi wa dizeli na mlevi mtarajiwa, kwa sababu hana namna ya kujua yupi ni yupi.

Kuna kundi jingine nisilopenda kuliruka. Rekodi ikija, iwahusu na wanaoendesha STL, STK, SU na DFP, yaani magari ya serikali, ya mashirika ya umma na ya miradi ya wafadhili. Sisi tunaoishi hapa tunaujua msimu wa Bunge kwa magari yake, hatuhitaji kalenda. Siku ya Ijumaa mchana ukiwa upande wa Ihumwa ukaona taa nyeupe kubwa nyuma yako, unashuka pembeni mwenyewe bila kuambiwa, unalisubiri shangingi lipite, kisha unarudi barabarani kujipangusa. Dereva wa gari la serikali naye ana leseni, na familia yake inamsubiri. Bosi aliyeko nyuma akisema "ongeza", na yeye anajua kuna rekodi yenye jina lake itakayobaki baada ya bosi kuhamishwa wizara, atakuwa na neno la kujibu. Bodaboda nawaacha kwa leo. Wengi hawana leseni kabisa, huwezi kuandika rekodi kwenye kitu ambacho hakipo.

Na deiwaka. Kama nyote mtasahau barua hii, naomba mbaki na neno hili moja. Deiwaka ni dereva wa kushikizwa. Suka, yaani dereva mwenyewe wa basi, amechoka, au anauguliwa, au amesafiri, anampigia simu mwenzake: njoo nishikie hadi kesho. Hakuna kikao, hakuna mwarobaini, hakuna vivuli vya leseni chini ya jiwe. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, kazi hiyo imeongezeka, maana mwili wa mtu ni uleule wa zamani. LATRA imewawekea mabasi ya masafa marefu mfumo wa kufuatilia mwendo, na dereva anatambuliwa kwa kitufe chake. Ni jambo jema, nimelipongeza hata mbele za watu. Lakini kitufe ni kitu cha kushikika. Kinaingia mfukoni, kinaweza kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kitufe kifungwe na rekodi ya mtu, na kabla basi halijatoka stendi konda aweze kuona kwenye simu yake kwamba huyu aliyekaa mbele ndiye, na kwamba hajafungiwa.

Mwezi wa pili nilikwenda Stendi Kuu ya Nanenane kumpokea mdogo wangu. Ilikuwa yapata saa mbili usiku. Abiria wa kanda ya ziwa walikuwa wanapandisha mizigo, mama mmoja anagombana na konda juu ya gunia la karanga. Nikasikia, "Habari za siku, mama katibu." Nikageuka. Lilikuwa lile shati, au ndugu yake.

"Nzuri, kaka. Upo?"

"Nipo, mama. Nashikashika tu." Akaonyesha basi kwa kidevu. "Mwenyewe anaumwa mgongo." Kisha akauliza: "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Yule mdogo wa kutapika, bado anakaa mbele?"

Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akapanda. Niliona taa ya ndani ikimmulika anarekebisha kioo, anafuta usukani kwa kitambaa. Basi lilikuwa limejaa. Ningemwambia nani, na ningemwambia nini? Kwamba ndani ya basi hili kuna mtu aliyeua watu wawili, ametumikia, ni mpole, na anaendesha vizuri kuliko wengi? Kwamba sijui kama leo amelala? Konda akapiga bodi mara mbili, basi likaondoka kuelekea njia ya Singida. Mdogo wangu alinikuta nimesimama palepale.

Ninachowaomba kinaingia kwenye karatasi moja. Mahakama ikimtia mtu hatiani kwa kosa kubwa la barabarani, karani aingize hukumu hiyo kwenye rekodi ya leseni siku hiyohiyo, popote nchini. Dereva aione rekodi yake kwenye simu bila malipo na apinge kilichoandikwa vibaya. Awe na namba ya ridhaa ya kumpa mwajiri. Hukumu iwe na umri, na sheria iutaje umri huo, ili mtu kama yule kaka ajue ni lini atahesabiwa kuwa amemaliza, na sisi tujue. Wanaobeba abiria na watoto wa shule wasiajiriwe, hata kwa usiku mmoja, bila namba hiyo kuangaliwa. Na miaka ya usafi iandikwe pia, kwa herufi zilezile kubwa.

Kamati yetu inakaa tena Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, mwarobaini uleule. Maombi sita yameshafika, leseni sita, zote safi. Swali nimelibadilisha, sasa nitauliza hukumu. Watakachonijibu nitakiandika kwenye kaunta buku la kamati, ukurasa wa kushoto jina, wa kulia jibu, na jiwe nimeshaliweka tayari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu, kamati ya usafiri ya wazazi
Nkuhungu, Dodoma